Gitaa Lipi, Amplifaya Ipi: Kuchagua Vyombo kwa Kuanzia na Nafasi Yako Katika Bendi

Mtu anayetaka gitaa la umeme huingia dukani, hulijaribu kwenye amplifaya yoyote iliyo karibu, hulipenda na kulilipia, kisha hutafuta amplifaya inayolingana na pesa iliyobaki, na mwishowe hupeleka vyote viwili mazoezini ili aone vitakaaje na wenzake. Kwa apigaye nyumbani peke yake, utaratibu huo hauna ubaya wowote. Kwa mwanabendi umekaa kichwa chini miguu juu, kwa sababu chombo kinachosikika kitamu kikiwa peke yake, chenye sauti nzito iliyojaa na sauti kali inayong'aa, ndicho mara nyingi kinachopotea pindi ngoma, besi, kinanda na waimbaji wanapoingia. Mwenye nacho huongeza sauti, wenzake nao huongeza zao, na baada ya nyimbo tatu hakuna anayemsikia mwenziwe. Makala haya yanafuata njia ya kinyume: yanaanza na nafasi ya mpigaji katika bendi, yanapitia amplifaya, na gitaa lenyewe linakuja mwisho.

Nafasi hapa ina maana mbili. Ya kwanza ni ya masafa ya sauti. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82, na uzi mwembamba ukibanwa kwenye freti ya 22 (freti ni vile vijiti vya chuma vya shingoni) hufika karibu hezi 1,175. Juu ya hapo kuna mitetemo midogo inayofuatana na kila nota na kulipa gitaa rangi yake, ambayo spika za gitaa huanza kuikata inapopita hezi 5,000 hivi. Gitaa la besi huanzia hezi 41, na ngoma kubwa ya miguu hukaa jirani yake, kwa hiyo ile sauti nzito inayompendeza mpiga gitaa akiwa chumbani kwake, iliyo kati ya hezi 80 na 200, tayari ina wenyewe. Katikati, kuanzia hezi 300 hadi 3,000, gitaa linakutana na waimbaji, saksafoni, tarumbeta na mkono wa kulia wa mpiga kinanda. Hapo ndipo mahali pake halisi, na hapo ndipo penye msongamano. Fundi mitambo mwenye uzoefu hukata kila kilicho chini ya hezi 100 au hata 120 kwenye mkondo wa gitaa, na mpigaji asiyejua sababu hudhani ameonewa.

Maana ya pili ni ya kazi. Katika muziki uliokua Kinshasa na Brazzaville tangu miaka ya 1950, ambao bendi za Tanzania na Kenya ziliuchukua na kuupa sura zao, magitaa matatu hupigwa kwa pamoja juu ya besi: ridhimu, ambayo hushikilia mwendo na kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, solo, ambayo huimba juu, na kati yao second solo, ambayo Wakongo huiita mi-solo, inayorudia kifungu kifupi bila kuchoka ili kuziba nafasi kati ya hao wawili. Mpangilio huo unafanya kazi kwa sababu kila gitaa linaacha kitu. Les Wanyika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, ilijipatia jina kwa safu nyembamba ya vyombo ambamo ridhimu ya Omari Shabani inasikika pigo kwa pigo, wala hakuna mahali inapogombana na solo. Ukisikiliza rekodi zile kwa makini utaona kwamba ridhimu ikisikilizwa peke yake ingeonekana nyembamba, karibu haina tumbo. Ni wembamba wa makusudi.

Chukua magitaa matatu ya aina moja, yenye amplifaya tatu za aina moja, na vitufe vyote vikiwa mahali pamoja. Kitakachotoka ni gitaa moja kubwa lisilojulikana linasema nini. Sasa mpiga ridhimu apunguze kitufe cha besi (sauti nzito) hadi robo na kuacha cha trebo (sauti kali) katikati. Mpiga second solo asogeze swichi yake mahali ambapo pikapu mbili, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinafanya kazi pamoja, ili sauti iwe laini na yenye uwazi. Mpiga solo aende kwenye pikapu ya nyuma, iliyo karibu na daraja (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa), apandishe masafa ya kati na kuongeza mwangwi kidogo. Hakuna aliyeongeza sauti, na wote watatu wanasikika. Jambo hilo halihitaji ununuzi wowote, na bendi nyingi zingeokoa pesa kama zingelijaribu kabla ya kuulizia bei ya chochote.

Bendi yenye gitaa moja tu, kama zilivyo nyingi za roki, iko katika hali tofauti, kwani hapo mpigaji anajaza nafasi ya wawili na anaweza kubaki na unene zaidi. Bendi za makanisani, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki hujifunzia gitaa, zina tatizo lao: kinanda kinachopigwa kwa mikono yote miwili, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya besi na wa kulia ukishikilia kodi nzito, hakimwachii mpiga gitaa ila upenyo mdogo wa juu. Katika bendi ya namna hiyo gitaa lenye sauti nene ni hasara tupu, na mazungumzo na mpiga kinanda yana faida kuliko amplifaya mpya.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba katika miongo ya dhahabu ya muziki wa dansi Tanzania, wapigaji wengi hawakuchagua vyombo hata kidogo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za majeshi, za jumuiya za vijana, za mashirika ya umma. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama bendi aliliacha gitaa lilipo. Ndiyo maana wapigaji wa kizazi kile walijenga sauti yao vidoleni zaidi kuliko kwenye vifaa, na ndiyo maana pia ushauri wao juu ya kununua ni mfupi: piga kilichopo. Ni ushauri mzuri kwa mwanafunzi. Kwa mtu anayejinunulia mwenyewe hautoshi.

Tuje kwenye amplifaya. Namba inayowahadaa wanunuzi ni ile ya wati. Sikio la binadamu halipimi nguvu kwa kujumlisha. Kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, huongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua lakini haimshtui. Ili sauti isikike kama imekua mara mbili inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Amplifaya ya wati 5, kwa hiyo, kwa sikio ni kama nusu ya ile ya wati 50, wala si sehemu yake ya kumi. Anayelipa pesa nyingi ili atoke wati 60 hadi 100 amenunua tofauti ndogo sana.

Spika, ambayo watu huiangalia mwisho, ina uzito mkubwa zaidi. Kila spika ina kipimo cha wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti, kinachoandikwa kama desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika za gitaa nyingi ziko kati ya 95 na 101. Kuondoa spika ya desibeli 97 na kuweka ya desibeli 100 katika amplifaya ileile ni sawa na kuongeza nguvu yake maradufu, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya amplifaya mpya. Cha kuangaliwa katika ubadilishaji huo ni kipimo cha omu, yaani ukinzani wa umeme, ambacho lazima kilingane na kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, na kwamba spika mpya iweze kubeba nguvu itakayopewa.

Spika ya gitaa ina tabia nyingine inayosababisha ugomvi usio na mwisho kati ya wapigaji na mafundi mitambo. Spika ya inchi 12 hutawanya sauti nzito pande zote, lakini sauti kali huzielekeza mbele yake tu, katika njia nyembamba. Mpigaji akisimama mita moja mbele ya amplifaya iliyowekwa sakafuni, trebo yote humpita magotini. Anachosikia yeye ni sauti butu, kwa hiyo anapandisha trebo, na aliyeketi meza ya tatu, ambaye masikio yake yako usawa wa spika ile, anaziba masikio kwa viganja. Dawa yake ni kiti. Amplifaya ikiwekwa juu ya kiti imara, au ikiegemezwa kwa nyuma ili itazame kichwa cha mpigaji, mpigaji husikia kile kinachosikiwa na watu, na hurekebisha vitufe vyake mwenyewe bila kuambiwa.

Suala la valvu na transista limezungukwa na imani nyingi kupita kiasi. Amplifaya za zamani zilitumia valvu, vile vitungi vya kioo vyenye uzi unaowaka ndani, na kuna kampuni zinazozitengeneza hadi leo. Tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili hujitokeza pale kifaa kinapozidiwa. Transista ikifika kikomo chake hukata kilele cha wimbi la sauti ghafla, na kinachotoka ni mkwaruzo mkavu. Valvu hupinda kilele hicho polepole, na mkwaruzo wake una joto ambalo wapigaji wa blues na roki walilipenda tangu miaka ya 1950 na kuligeuza kuwa lugha yao. Kwa sababu mkwaruzo huo unatumika kimuziki, amplifaya ya valvu ya wati 30 hupigwa hadi ukingoni mwa uwezo wake na hata kuupita, ilhali ya transista ya wati 30 lazima ibaki chini ya kikomo. Hapo ndipo usemi kwamba wati za valvu ni kubwa kuliko za transista ulipotokea. Wati ni zilezile, ila sehemu inayofaa kutumiwa ni pana zaidi.

Lakini hoja hiyo ina maana kwa anayetaka mkwaruzo. Muziki wa dansi, benga na sebene la Kikongo vimejengwa juu ya gitaa lenye sauti safi, ambalo kila nota yake inasimama peke yake hata mwendo unapochemka. Kwa mpigaji wa muziki huo, amplifaya ndogo ya valvu ni chaguo baya licha ya sifa zake zote, kwa kuwa itaanza kukwaruza kabla haijafikia sauti ya mpiga ngoma. Anahitaji chombo chenye akiba kubwa ya sauti safi. Fender Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963 ikiwa na spika mbili za inchi 12 na kiasi cha wati 85 za valvu, ni moja. Uzito wake, unaokaribia kilo 30, ni sababu tosha ya kusita. Nyingine ni Roland JC-120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, yenye transista tupu na spika mbili zinazoendeshwa na wati 60 kila moja, ambayo imebaki kuwa kipimo cha sauti safi kwa takriban nusu karne. Si lazima mtu anunue hizo hasa. Kinachofaa kuigwa ni umbo lake: transista yenye wati 80 hadi 120 na spika ya inchi 12, moja au mbili. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la kawaida kwa bendi ya dansi ya Afrika Mashariki, na atakayechagua valvu awe na sababu ya kimuziki anayoweza kuieleza. Valvu huchoka na kuhitaji kubadilishwa, hazipendi kutikiswa njiani, na vipuri vyake si bidhaa ya kila duka la vifaa vya muziki, kwa hiyo fundi wake hutafutwa kabla ya mashine kununuliwa.

Kwa bendi ya roki au blues hesabu inageuka: valvu ya wati 15 hadi 30 inatosha ukumbi wa kawaida, na ukumbi ukiwa mkubwa mikrofoni huwekwa mbele ya spika na kazi iliyobaki ikaachiwa spika za ukumbi. Vox AC30 ya Uingereza, yenye wati 30 kama jina lake linavyodokeza, ilizibeba bendi nyingi za miaka ya 1960.

Aina ya tatu ni ya kidijitali, inayoiga amplifaya mbalimbali kwa hesabu za kompyuta. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa kifaa chake cha POD mwaka 1998, vifaa hivi vimekua kutoka mzaha hadi kazi ya kweli, na leo kuna wanamuziki wakubwa wanaopanda jukwaani bila amplifaya yoyote nyuma yao, gitaa likipita kwenye kifaa kilicho miguuni na kwenda moja kwa moja kwenye miksa. Uzito umepungua na sauti haibadiliki kutoka ukumbi hadi ukumbi. Hata hivyo, wauzaji husahau kusema kwamba njia hiyo inategemea spika za jukwaani zinazowatazama wanamuziki wenyewe. Katika ukumbi wenye spika mbili tu za kuwatazama wacheza dansi, mpiga ngoma hatamsikia mpiga gitaa asiye na amplifaya, na mwendo utapotea. Anayepiga kwenye baa, harusi na kumbi za mitaani, ambako kila mahali pana mitambo yake na mingine ni mibovu, bado anahitaji kisanduku kinachotoa sauti nyuma ya mgongo wake. Amplifaya za kidijitali zilizo na spika yake ndani, kama Boss Katana, ni njia ya kati yenye busara kwa mwenye pesa kidogo.

Kuhusu gitaa la besi, jambo ni fupi. Sauti nzito hula nguvu nyingi na sikio haliisikii kirahisi, kwa hiyo mpiga besi anahitaji nguvu mara kadhaa ya ile ya mpiga gitaa. Wati 300 si anasa. Kuchomeka besi kwenye amplifaya ya gitaa na kuipandisha ni kuiua spika taratibu.

Sasa gitaa. Chini ya nyuzi kuna pikapu, nayo ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huvuruga nguvu yake, na uvurugaji huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya, ambao ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Tatizo ni kwamba waya huohuo hunasa umeme wa mazingira, hasa wa majengo, ambao kwetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na ndiyo asili ya ule mvumo unaosikika mpigaji anapoacha kupiga. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, alibuni pikapu ya koili mbili zilizofungwa kwa namna ambayo mvumo wa moja hufuta wa nyingine huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Zilianza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957, na tangu hapo dunia ya gitaa imegawanyika mara mbili: koili moja yenye sauti kali, wazi na yenye mvumo, koili mbili yenye sauti nene, yenye nguvu na tulivu.

Magitaa mengi yanayouzwa leo, ya bei kubwa na ndogo, ni watoto wa mifano michache. Telecaster ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster na kupewa jina lake la sasa mwaka uliofuata, ina pikapu mbili za koili moja na daraja lisilosogea. Stratocaster ya mwaka 1954 ina pikapu tatu za koili moja. Les Paul ya Gibson, ya mwaka 1952, ndiyo iliyopata umaarufu kwa koili mbili. Yapo pia magitaa yenye uwazi ndani, kama ES-335 ya mwaka 1958, ambayo sauti yake ni tamu lakini huanza kupiga mluzi mapema yakisogezwa karibu na amplifaya iliyopandishwa. Kwa ridhimu na second solo, Telecaster na Stratocaster, au nakala zake za Squier na kampuni nyingine, zinafaa kwa sababu ile niliyoitaja juu: zinaacha nafasi. Sauti ile laini yenye uwazi ya pikapu mbili za Stratocaster zikifanya kazi pamoja haikukusudiwa na mbuni wake. Swichi ya awali ilikuwa na vituo vitatu, na wapigaji waliikwamisha katikati ya vituo hadi Fender walipokubali na kuweka swichi ya vituo vitano mwaka 1977. Katika magitaa mengi ya sasa ya aina hiyo, pikapu ya kati imefungwa kinyume, na vituo hivyo vya kati havina mvumo, jambo la thamani katika ukumbi wenye taa za rangi na nyaya mbovu.

Kwa asiyejua bado atapewa kazi gani katika bendi, gitaa lenye pikapu ya koili mbili kwenye daraja na pikapu mbili za koili moja mbele yake ni chaguo salama. Yamaha Pacifica 112 ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa umbo hilo, na sijaona sababu ya mwanabendi anayeanza kulipa zaidi ya hapo.

Urefu wa uzi nao una athari. Kutoka kijiti cha kichwani hadi darajani, magitaa ya Fender yana milimita 648 na ya Gibson takriban 628. Kwa nyuzi zilezile, urefu mkubwa hutaka mkazo zaidi, na mkazo huipa kila nota mwanzo mkali unaofaa kwa vifungu vya haraka. Urefu mdogo hulegeza nyuzi na kuwapendeza wanaozipinda.

Daraja linastahili kufikiriwa zaidi kuliko rangi ya gitaa. Madaraja yenye mkono wa kutikisa sauti hukaa juu ya springi zinazoshindana na mkazo wa nyuzi sita. Uzi mmoja ukikatika, mizani huvunjika na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote kwa pamoja. Mpigaji wa roki husimama na kubadilisha gitaa baada ya dakika tatu. Katika dansi, ambako wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi na wachezaji hawajali nini kimekatika, mpigaji wa namna hiyo hawezi kuendelea, ilhali mwenye daraja lililotulia humaliza wimbo kwa nyuzi tano na hakuna anayejua isipokuwa yeye. Mwenye Stratocaster anaweza kukaza springi za nyuma hadi daraja lilale juu ya mbao na tatizo likapungua sana. Uzito nao usidharauliwe. Les Paul ya zaidi ya kilo nne ni nyepesi dukani, na ni kitu kingine kabisa saa nane za usiku.

Jambo lisilojadiliwa vya kutosha ni umeme wenyewe. Amplifaya zilizotumika zinazoingia kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120, ilhali za kwetu ni volti 230. Kibati cha nyuma kisomwe kabla ya waya kuchomekwa, kwani kuchomeka mara moja tu kunatosha kuichoma. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia ikiwa imechaguliwa kwa nguvu kubwa kuliko mahitaji ya mashine.

Hatari kubwa zaidi ni ya waya wa ardhini. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi hiyo inatakiwa kuunganishwa na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi. Pini hiyo ikivunjwa ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili, na amplifaya ikawa na hitilafu, mpigaji anayeshika nyuzi huku mdomo wake ukigusa mikrofoni anakuwa njia ya umeme. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aliuawa hivyo jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa mikrofoni isiyo na waya wa ardhini. Testa ya umeme yenye umbo la bisibisi inauzwa kila duka la vifaa vya umeme; gusa nayo kichwa cha mikrofoni kabla ya kuimba, na ikiwaka, usipande jukwaani hadi fundi aje.

Vyombo vingi katika soko letu vimeshatumika, na kuvikagua si kazi ya bingwa. Lishike gitaa kama anayelenga shabaha, ukitazama kutoka darajani kuelekea kichwani, uone kama shingo imepinda upande. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, na mwambie mtu atazame kati ya uzi na freti ya saba: panatakiwa pawe na mwanya wa unene wa kadi nyembamba. Mwanya mkubwa unarekebishika kwa fito ya chuma iliyo ndani ya shingo, mradi skrubu yake bado inazunguka. Pasipo na mwanya kabisa na skrubu haizunguki, liache. Halafu gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana ili utoe sauti ile nyembamba kama kengele, ubane hapohapo, na ulinganishe kwa mashine ya kutyuni. Zikitofautiana, nota za juu zitakuwa na kasoro hadi vijiti vya daraja visogezwe. Mwisho chomeka waya, zungusha kila kitufe na usogeze swichi yote. Mikwaruzo ya vitufe ni vumbi na hutoka. Pikapu iliyonyamaza ni hoja ya kupunguziwa bei. Pwani, angalia pia kutu kwenye skrubu za daraja, kwa sababu chumvi ya hewa huzigandisha na kuzuia marekebisho yote niliyoyataja.

Amplifaya iliyotumika iwashwe kwa angalau nusu saa kabla ya mapatano, kwani hitilafu nyingi hazijitokezi ikiwa bado baridi. Kisha muombe muuzaji uipeleke mazoezini kwa jioni moja, ukimwachia amana. Huko, ipandishe kufikia sauti ya onyesho huku ngoma na besi zikipigwa, mpe mwenzako gitaa lako, na utembee hadi ukuta wa mwisho wa chumba. Muuzaji akikataa amana, piga dukani kwake lakini weka simu yako ikirekodi mbali na spika kadiri duka linavyoruhusu, na uisikilize rekodi hiyo ukiwa nyumbani kabla ya kurudi na pesa.